Zege la Zamani Husalimiwa Kwanza

Vijana wangu mnaoshika nyundo leo, nianze na jambo ambalo najua mtanicheka: kabla hujalipiga zege la mtu, lisalimie. Sisemi upige magoti. Chukua nyundo ndogo, gonga taratibu pembeni, kisha katikati, kisha kwenye kila kona, halafu nyamaza usikilize. Zege zima hujibu kwa sauti kavu ya juu, na nyundo inaruka mkononi. Zege bovu hujibu kama mtu aliyejifunika blanketi. Likijibu vizuri, lina kazi nyingine mbele yake. Likinyamaza, usilibembeleze, litakuja kukuaibisha kwenye nyumba ya watu.

Mimi naitwa Projestus, naishi Kagondo hapa Bukoba, na kazi yangu yote ya utu uzima ilikuwa kuvunja zege la zamani na kulirudisha kazini. Mafundi wenzangu wakipita mjini na wajukuu wao huonyesha majengo waliyojenga. Mimi huonyesha mahali palipo wazi na kusema, "Hapa palikuwa na ghala kubwa, nililiondoa mimi." Wajukuu wanaangalia pembeni. Mke wangu alikuwa akiwaambia wageni kwamba nimo kwenye ujenzi, na nikitaka kufafanua ananikanyaga mguu chini ya meza.

Najua ninyi mna mashine za kusaga zege, mna grenda za kukatia nondo, na mna simu za kupigia kifusi picha na kukitafutia mtu wa kukichukua kabla vumbi halijatulia. Vizuri sana. Ningekuwa navyo, mgongo wangu leo ungekuwa unanyooka. Lakini mashine haina sikio. Itasaga zege zima na zege bovu kwa furaha ileile, kisha itakuachia wewe lawama.

Aliyenifundisha kusalimia ni Ta Bonifasi (Ta kwetu ni mzee, kama Ma ni mama), mtu wa Rubafu, mfupi, mnene, mwenye hasira za karibu. Siku yangu ya kwanza nilifika na nyundo kubwa kuliko zote nilizoweza kuazima, nikaanza kuitwanga sakafu katikati kwa nguvu zangu zote za ujana. Zege likatoa vumbi, mimi nikatoa jasho. Yeye alikaa juu ya karai lililopinduliwa, akawa anatafuna kahawa yake na kunitazama mpaka nikasimama kupumua.

"Umemaliza kumpiga?" akauliza.

"Bado, Ta."

"Alikukosea nini?"

Alichukua sululu, akachimba udongo chini ya ukingo wa sakafu mpaka ukingo ukabaki unaning'inia hewani. Kisha akaugonga pale pembeni kwa nyundo ya wastani, si kwa hasira, na kipande kikubwa kikakatika chenyewe kikaanguka. Akanirudishia nyundo. Zege lina nguvu likikandamizwa, akaniambia, ila likining'inia ni kama mzee asiye na fimbo. Somo hilo limeniokolea mabega mpaka leo, na wapo vijana wenye diploma na wasio nayo niliowakuta bado wanatwanga katikati.

Nitawaambia na habari ya nondo, maana itatufaa huko mbele. Nondo ikishatoka kwenye zege huwa imepinda na ina kinyongo. Unaibana kwenye kisiki na kuinyoosha polepole, mguu mmoja nyuma, uso pembeni. Mimi niliweka uso mbele. Nondo ikafyatuka, ikanivua kofia, ikaenda kugonga kikombe cha chai ya Ta Bonifasi, na chai yote ikamwagikia kwenye zege bichi tulilokuwa tunalikoroga kwa ajili ya kizingiti cha zizi. Alinifanya nilichote zege lote lile kwa chepe na kwenda kulimwaga mbali. Alikuwa na sheria hiyo siku zote: chai ya sukari isisogee karibu na zege. Sisi tuliamini anaionea wivu chai yake tu. Hakueleza, nasi hatukuuliza, kwa sababu ukimuuliza jambo mara ya pili anakujibu kwa Kihaya kisichoandikika.

Halafu lilikuja tetemeko la ardhi, mnalikumbuka ninyi nyote, na Bukoba ikajaa kifusi. Sitaki kusema mengi juu ya siku zile. Nilivunja nyumba za watu niliosali nao kanisani, wao wenyewe wakiwa wamesimama nje na magodoro yao, na nililia mara nyingi nikisingizia vumbi. Lakini ndipo watu walipoanza kuelewa kazi yangu. Aliyepoteza nyumba hataki kuona nyumba yake inapakiwa kwenye lori kwenda kujaza shimo la mtu asiyemjua. Ukimwambia kwamba ukuta umekwisha lakini msingi bado una kazi, macho yake yanabadilika.

Sasa niwaeleze juu ya Ma Kemilembe wa Muleba, kwa sababu ndiye niliyetaka kumwandika tangu mwanzo. Hayo mengine yalikuwa kupasha mikono moto.

Ma Kemilembe alikuwa mjane. Alizaliwa Rubafu kama mwalimu wangu, akaolewa Muleba, na nyumba yake ilikuwa kando kabisa ya barabara iendayo Biharamulo. Mumewe, marehemu Vedasto, ndiye aliyeijenga. Sebule aliimwagia zege nene, akaipaka rangi nyekundu, akaisugua kwa polishi mpaka ukiinama unajiona. Hakuna mtu aliyeikanyaga na viatu. Hata padri alipokuja kubariki nyumba alivua vyake mlangoni. Mdogo wake Vedasto, Ta Kaijage, aliwahi kusahau siku moja akaingia na viatu vya shambani, na kaka yake akampa kitambaa na kopo la polishi, akaisugua sakafu nzima mbele ya wageni. Tangu siku hiyo Kaijage alivua viatu miaka yote, hata kaka yake alipokwisha kufa.

Barabara ilipotaka kupanuliwa, nyumba ikapigwa alama ya X ya kubomolewa. Ma Kemilembe hakubishana na barabara. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kibanja, shamba la nyumbani lenye migomba na mibuni aliyoipalilia tangu alipoolewa, akaamua kujenga hukohuko nyuma. Fidia aliyoipata ilitosha mabati, miti na mifuko michache ya saruji, basi. Mawe na kokoto hakuwa na njia ya kuvipata. Ndiyo maana alituma watu Kagondo kuniita.

Shida yake haikuwa barabara. Ta Kaijage alikuwa na kijana anayetaka kuoa na hana mahali pa kumweka. Alianza kusema mdogo mdogo kwenye rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, kisha akasema wazi: kibanja ni cha ukoo, nyumba ya kaka yake imekwisha, watoto wa marehemu ni mabinti na wameolewa mbali, basi shemeji arudi kwao Rubafu kwa heshima. Ukoo ukapanga kukutana Jumapili baada ya misa, palepale kibanjani, walimalize.

Nilimwambia Ma Kemilembe kwamba siku hizi sheria ipo, na mjane ana haki zake.

"Sheria naijua, Ta Projesti," akanijibu. "Nitafika mpaka wilayani ikibidi. Lakini sheria iko ofisini, na mimi nataka kulala hapa. Hao wanaokuja ndio majirani nitakaozikwa nao. Jumapili nataka wanikute nyumbani, wasinikute kwenye turubai. Nataka niwape kahawa, wakae, niwe mimi ninayewakaribisha."

Kwetu Wahaya mgeni hupewa kahawa ya kutafuna, na anayeitoa ndiye mwenye nyumba. Nilielewa mara moja. Akipokelewa kama mgeni kwenye kikao kile, amekwisha. Akipokea wageni, atakayetaka kumwondoa itabidi aseme hivyo akiwa ameketi kwake, na kahawa yake mdomoni. Wapo watu wanaoweza, lakini si wengi.

"Sakafu ya mume wangu itafaa tena?" akauliza.

"Ngoja niisalimie kwanza."

Nyumba ilikuwa imekwisha kuezuliwa, kuta zimelazwa. Nilipiga goti pale sebuleni, nikagonga pembeni, nikagonga katikati, nikagonga kona zote. Lilijibu kwa sauti safi mpaka nikacheka mwenyewe. Vedasto hakuiba saruji yake mwenyewe, jambo ambalo wenye nyumba wengi hulifanya. Nilimwambia mjane kwamba sakafu ile ina nguvu ya kuishi mara ya pili, na kwamba nitaitoa yote.

Tulifanya kazi mimi na mwenzangu Leopodi, mtu mzima wa umri wangu, mwenye maneno mengi na mikono mizuri. Wanawake wa jumuiya ya Ma Kemilembe ya kanisani walibeba. Tulichimba chini, tukaning'iniza, tukakata. Vipande vikubwa vilikwenda chini ya sebule mpya, tukavishindilia na kifusi. Vipande vya kati tuliviponda vikawa kokoto. Hapo sikilizeni vizuri: plasta iondoeni, vigae viondoeni, na kitu chochote chenye masizi ya jikoni kiondoeni. Halafu chekecheni. Ule unga unaobaki ni tamaa tu, hauna kazi kwenye zege jipya, upelekeni njiani kwenye matope. Na zege la namna hii liwekeni sakafuni au chini ya msingi. Mkiliweka kwenye nguzo ya ghorofa, msiseme Projestus ndiye aliyewafundisha.

Baadhi ya vipande vilitoka vizima, na ule uso wake mwekundu haukuwa na ufa. Leopodi aliinua nyundo. Ma Kemilembe akatusihi, "Hivyo hapana, waitu." Tukaviweka kando chini ya mgomba.

Sasa nifike kwenye kuloweka. Kokoto za zege la zamani zina kiu, kwa sababu zimebeba saruji kuukuu mwilini. Ukizikoroga kavu, zitakunywa maji ya saruji mpya kabla saruji haijayatumia, na sakafu yako itapasuka kabla hujahamia. Kwa hiyo zinalowekwa kwanza mpaka zishibe. Mimi huloweka kwenye mapipa. Mapipa tuliyopata Muleba yalikuwa yanavuja yote, na siku zilikuwa zinakwenda.

Kibanjani, chini ya migomba, kulikuwa na mtumbwi wa kukamulia ndizi. Sisi tunauita obwato. Ni gogo kubwa lililochongwa ndani, wanaume wanatupia ndizi zilizoiva na majani, wanazikanyaga kwa miguu mpaka juisi inatoka ya kutengenezea rubisi. Ulikuwa wa Vedasto, lakini wiki ile aliyeutumia ni Ta Kaijage. Alikamua rubisi ya kuwazungukia wazee wa ukoo nyumba kwa nyumba, kuwaweka sawa kabla ya Jumapili. Tuliuangalia, tukaona ni mpana na hauvuji. Tukausuuza kwa ndoo chache, tukajaza kokoto na maji. Tena tukaona busara kukorogea zege na maji yaleyale ya kulowekea, tusimchoshe mama wa watu na kuchota. Mtu wa Dodoma asingeweza kufanya kosa lile hata angetaka. Lilihitaji Wahaya watupu.

Jumatatu tukamwaga sebule. Lilikuwa zege zuri kwa macho, tukalipiga ubao, tukalisawazisha kwa pimamaji, tukalifunika kwa majani ya migomba. Jioni lilikuwa bichi, ni kawaida. Asubuhi ya Jumanne nikabonyeza, kidole kikazama. Nikalaumu baridi. Mchana nikabonyeza tena, kikazama tena. Nikalaumu saruji, nikasoma mfuko mbele na nyuma. Leopodi akalaumu mwezi.

Jioni Ta Kaijage akapita na fimbo yake. Alisimama ukingoni, akaichomeka fimbo ndani ya sakafu, ikaingia mpaka karibu na mkono. Akaichomoa, ikatoka na ute wa kijivu.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya majirani wote kusikia, "umewapikia ukoo uji. Utatosha."

Wanawake wa jumuiya waliinamisha vichwa. Ma Kemilembe alikuwa anapepeta kahawa kwenye ungo na hakuacha kupepeta.

"Ukija Jumapili njoo na njaa," akamwambia.

Nilimpenda mama yule saa ile, na nilijisikia vibaya kuliko siku zote za kazi yangu, kwa sababu maneno yale aliyasema kwa kuniamini mimi. Alipoondoka Kaijage, aliweka ungo chini, akaniuliza kwa sauti ndogo: "Ta Projesti, litakauka?" Nikamwambia sijui. Sikuona faida ya kumdanganya mtu ambaye angeona mwenyewe kesho yake. Akaniambia nisiende Bukoba basi mpaka nijue.

Jumatano asubuhi tulifunua majani. Ma Kemilembe ndiye aliyeona.

"Mbona nyuki wanakunywa zege lenu?"

Kweli walikuwepo, wengi, wametua sakafuni wanatembeatembea pale pale kwenye ubichi. Wengine walikuwa kwenye obwato. Leopodi alichovya kidole kwenye maji yaliyobaki ndani ya ule mtumbwi, akakiweka ulimini kabla sijamzuia. Akafumba macho kidogo.

"Tamu," akasema.

Hapo nikamwona Ta Bonifasi kama alivyokuwa, amekaa kwenye karai lake, ananifokea juu ya chai. Sukari! Sukari ni adui wa saruji, kidogo tu inailaza usingizi. Gogo lile lilikuwa limekunywa juisi ya ndizi tangu enzi za baba yake Vedasto, na ndoo zetu za kusuuza zilikuwa zimeliosha uso tu. Maji ya kulowekea yalivuta utamu wote ukatoka, sisi tukautia kwenye sakafu. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Leopodi akacheka. Ma Kemilembe hakucheka, alitaka kujua sasa tunafanya nini.

Mtaniuliza, si mngesubiri? Ni kweli, utamu kidogo huchelewesha tu, na zege huja kukaza baadaye bila shida. Lakini sikujua ni kidogo au ni mwingi, na Jumapili haikuwa na mpango wa kusubiri. Nilimwambia Ma Kemilembe ukweli wote. Kokoto tungeweza kuziokoa, kwa sababu zege halijashika, tunalichota, tunaziosha, zinarudi kazini. Saruji iliyokwisha kutumika imekwenda. Iliyobaki ilikuwa ya vyumba viwili vya kulala. Nikamwambia tukiitumia sebuleni, vyumba vitabaki udongo, na sikuweza kumwahidi lini vitapata sakafu.

Hakufikiri muda mrefu. "Kulala nitalala popote," akasema. "Nikose chumba, nisikose mahali pa kupokelea wageni. Chota."

Tukachota. Wanawake wa jumuiya walipanga mstari toka kisimani, ndoo mkono kwa mkono, na tukaziosha kokoto zile juu ya chekeche mpaka maji yakatoka meupe na nyuki wakakata tamaa. Fikirini safari ya kokoto hizo: Vedasto alizimwaga mara ya kwanza, sisi tukazimwaga mara ya pili zikalala, na sasa zinamwagwa mara ya tatu. Leopodi alisema hata yeye hajawahi kuoshwa vizuri hivyo tangu ubatizo. Kabla giza halijaingia sebule ilikuwa imemwagwa upya, kwa maji safi ya kisima, na obwato ulikuwa umefunikwa kwa turubai lilelile ambalo mjane angelazimika kulala chini yake.

Alhamisi nilipoamka sikunywa hata uji. Nilikwenda moja kwa moja, nikafunua jani moja pembeni, nikabonyeza kwa ukucha. Ukucha ukakataa. Nikawaita wote waje wabonyeze, na kila mtu alibonyeza, hata bibi mmoja wa jirani aliyekuja kuomba chumvi.

Vipande vile vyekundu tulivipanga mlangoni, uso juu, sawasawa na sakafu, upana wa hatua moja ya mtu mzima. Tulisimamisha miti, tukaweka mabati. Kuta hazikuwepo. Upepo uliingia upande mmoja ukatokea upande mwingine. Jumamosi Ma Kemilembe alitoa kopo la zamani la polishi, akachimba ile iliyokauka chini kwa kijiko, akapiga magoti akasugua kizingiti peke yake. Tulitaka kumsaidia, akatufukuza.

Jumapili nilibaki, ingawa nyumbani kwangu Kagondo walikuwa wananingoja. Sikuwa mtu wa ukoo, kwa hiyo nilisimama pembeni kwenye mibuni na Leopodi, tumevaa mashati safi kama watu waliokuja kuposa. Sakafu niliiamini, lakini sakafu haina kura kwenye kikao cha ukoo.

Walikuja kwa pamoja kutoka kanisani, wanaume watupu, kofia mkononi, Ta Kaijage mbele na fimbo yake, na nyuma yake mzee wa ukoo, mtu mkongwe sana ambaye watu hungoja amalize kukohoa ndipo waendelee kusema. Ma Kemilembe alikuwa ndani, kama pale panaitwa ndani, na kikapu kidogo cha kahawa mapajani. Alikuwa ametandika mikeka juu ya zege. Hakusimama kuwapokea njiani. Aliwangoja.

Kaijage hakuwa mtu mbaya, nataka hilo mlijue. Alikuwa baba mwenye kijana. Alianza kusema kabla hawajafika, ili mzee asikie vizuri.

"Mnajionea wenyewe, wazee wangu. Nyumba ya kaka yangu imekwenda na barabara. Hapa hakuna ukuta, hakuna chumba, hakuna mlango. Hapa hakuna nyumba ya mtu, ni miti tu na..."

Alikuwa amefika kwenye kizingiti. Maneno yake yaliendelea kutoka, lakini macho yaliona ule wekundu unaong'aa, na mwili ukafanya ulichozoea kukifanya miaka yote. Fimbo aliiegemeza kwenye mti. Akainama. Akavua kiatu cha kushoto, akavua cha kulia, akavipanga pembeni vizuri, kisigino kwa kisigino, kama kaka yake alivyotaka. Kisha akainuka kuendelea kusema, akakuta hakuna anayemsikiliza. Wanaume wote walikuwa wanatazama miguu yake.

Yeye naye akaitazama.

Mzee wa ukoo alikohoa, tukangoja. Kisha akaichukua ile fimbo ya Kaijage pale ilipoegemea, akagonga sakafu taratibu pembeni, akagonga tena mbele kidogo. Sikumfundisha mimi. Zege likajibu, sauti kavu ya juu, na Leopodi akanibana mkono mpaka ukauma.

"Kaijage," mzee akasema, "umevua viatu kwa nani?"

Kaijage alimtazama Ma Kemilembe, ambaye alikuwa amekwisha kuinua kikapu na kukinyoosha mbele kwa mikono yote miwili. Akajibu kiungwana.

"Kwa shemeji."

"Basi ingia ukae," mzee akamwambia, huku naye anainama kufungua kamba za viatu vyake. "Tusimchoshe mwenye nyumba mkono."